Mashimo ya Bombora

Leo ni saba.
Nimeyahesabu nikiwa bado na ndara za ndani,
kikombe mkononi, umande ukinipanda vifundoni.
Moja chini ya mkomamanga,
mawili penye vitunguu saumu nilivyopanda Jumatatu,
na manne, kama kawaida yako,
kuuzunguka mtungi wa nne.

Usinitazame hivyo.
Una udongo kuanzia puani mpaka kwenye nyusi,
na mkia unapiga ardhi kama fundi anayedai ujira.

Mgeni haijui mitungi yetu.
Huku Imereti twaifukia uani, wima, mpaka shingoni,
divai ilale gizani, ipoe, ikomae;
mdomo twauziba kwa jiwe na udongo wa mfinyanzi,
kisha twafukia tena juu yake.
Apitaye huona ua mtupu.
Wewe hujawahi kuona ua mtupu.

Lamara hunipigia simu kutoka Bari,
anakomtunza bibi wa watu kwa mshahara.
"Mama, mwaga pilipili."
Nikamwaga. Ukapiga chafya mara tisa, ukachimba pembeni.
"Basi maganda ya machungwa."
Ukayala.
Jirani Vazha akaleta wavu wa kuku,
tukaulaza chini ya udongo, tukaukandamiza kwa mawe ya mtoni;
asubuhi nikaukuta umekunjwa kando
kama jamvi baada ya harusi.

Husemwa mchimba kisima huingia mwenyewe.
Nilikuambia hivyo, kidole juu.
Ukaingia.
Ukajizungusha mara tatu, ukalala,
tumbo kwenye ubaridi, ulimi nje,
ukanitazama kama mtu aliyepewa ushauri mwema.
Agosti ile hata mimi ningeingia, lau ningeenea.

Nikuambie nilichofikiri, maana hutamsimulia mtu.
Mtungi wa nne aliuziba Guram kwa mikono yake,
Oktoba, akikohoa,
na theluji ya kwanza haikumkuta.
Nilifikiri unamnusa.
Nilifikiri alama za vidole vyake zingali kwenye ule udongo
na wewe ndiye pekee ujuaye kuzisoma.
Wiki mbili sikukugombeza.
Nilikalia ndoo iliyopinduliwa, nikakutazama ukichimba,
moyo ukinienda mbio,

mpaka ukachomoa fuko.
Fuko mnene, mweusi,
mwenye viganja vya waridi kama vya kichanga.
Ukamlaza juu ya kiatu changu.

Nilicheka hata Vazha akaja mbio kuuliza nani kafa.

Ndipo tulipoafikiana.
Kona ya nyuma, kivulini mwa mtini,
nimekumwagia toroli tatu za mchanga.
Humo nafukia mfupa, nafukia kipande cha jibini kikavu,
nimefukia hata soksi ya Guram,
si kwa sababu yoyote, ilikuwa na tundu.
Ukichimba hapo, nakusifu kwa sauti, majirani wasikie.
Ukichimba kwingine, nalitaja jina lako mara moja tu, taratibu,
kisha natikisa kamba yako.
Alfajiri twenda mtoni, jioni tena, magoti yangu yakilalamika njia nzima;
mbwa aliyechoka hana habari na vitunguu.
Na kucha zako nimezikata, ingawa siku ile
hatukusemezana hadi chakula cha usiku.

Wakati wa kiangazi nilihesabu kumi na tisa.
Leo saba. Twaendelea.

Lile la mkomamanga nitalifukia kesho.
Vitunguu nitavirudisha, vitaota vikiwa vimepinda, vitaliwa.
Lakini hayo manne sikugombezi.
Leo mwaka umetimia, wageni watafika saa nane,
na jembe liko kwa Vazha tangu Pasaka.

Naweka kikombe chini.
Navua pete, naitia mfukoni mwa aproni.
Sogea kidogo, na mimi nina mikono miwili.
Hapana, si huko.
Hapa, Bombora.
Chimba.