Mwonaweusi

Huko Silesia, katika mji ambao theluji
huanguka nyeupe, ikachakaa kabla ya saa nne asubuhi,
wana neno moja lililoungwa kwa mawili:
weusi, na mwenye kuona.
Mwonaweusi.
Sisi tungesema uchuro; tungesema
"usituchurie," tukatema mate pembeni.
Wao humtupia mtu neno hilo kama gunzi,
hasa wakiwa wameshiba.

Alojzy Gruszka lilimpata akiwa na miaka ishirini na sita.
Kazi yake ilikuwa kuitangulia zamu shimoni,
kuinua taa hadi dari la mwamba
na kuutazama mwali:
ukirefuka, ukivaa ukosi wa buluu, gesi ipo.
Siku hiyo alipanda akasema, "Leo hashuki mtu."
Msimamizi akahesabu tani,
wenzake wakahesabu mshahara.
"Mwonaweusi!"
Wakashinda juu wakicheza karata,
na chini hakikulipuka kitu.

Hiyo ndiyo taabu ya neno hili:
likifanya kazi yake halibakizi ushahidi.

Basi akalivaa, kama koti la marehemu
lililomkaa sawa mabegani.
Harusini kwa bintiye alikuja na mishumaa
kumi na miwili, umeme ukizimika.
Umeme haukuzimika.
Njiwa wake wa mashindano, alisema, hawatarudi kutoka Hanova.
Walirudi wote isipokuwa mmoja,
na huyo mmoja tulisimuliwa hadi Pasaka.

Mkewe, Truda, akimenya viazi, hakugeuka:
"Mji huu weusi ndio mkate.
Uko kwenye kope zako, uko kwenye foronya,
nafua, naanika, unarudi.
Nani hapa haoni weusi, Alojzy?
Wewe unauona mapema tu."

Shimo lilifungwa. Truda naye akatangulia,
jambo pekee ambalo hakulitabiri.

Sasa kila Alhamisi wazee watatu wa zamu ile
hucheza karata kwa Hubert, ghorofa ya pili.
Jana usiku barabara iliganda, inang'aa kama sahani.
Ewald akasimama mlangoni, fimbo mkononi,
akaita, bila kucheka:
"Mwonaweusi, njia ikoje?"
Alojzy akachungulia.
"Tutavunjika viuno, sote watatu."

Wakashikana mikono,
wakavuka.