Korongo Haondoki na Umande

Baba alituamsha saa kumi, Uyole imelala ndani ya ukungu,
akagonga dirisha kwa funguo za Noa ya kukopa:
twendeni, wataondoka bila sisi.
Mama alifunga viazi kwenye kitenge, chupa mbili za chai,
na sweta la Ambindwile, ambaye hayupo.
Hakuna aliyeuliza.

Inyala. Igurusi. Chimala.
Tuliteremka na baridi yetu mpaka ikatuishia mikononi.
Ubaruku ilinukia mpunga uliokatwa jana.

Na wao hapo, majarubani:
weupe, mabawa kama yaliyochovywa wino,
kila mmoja kwa mguu mmoja,
foleni ya benki ambayo karani wake hajafika.
Saa moja. Saa mbili.
Mmoja akameza chura.
"Hawa ndio wa kufika Ulaya?"
Gwantwa akarudi garini kulala.

Dada mmoja aliyekuwa akivuna, Sikudhani,
alicheka mpaka akaweka mundu chini.
"Korongo haondoki na umande.
Anangoja ardhi ipumue."

Baba akatazama saa yake, halafu viatu vyake.
Miaka thelathini na mmoja alipuliza filimbi stesheni;
treni, akasema, haikungoja ardhi ipumue.
"Ilingoja mengine yote," Mama akamjibu,
akamenya kiazi.

Saa nne kasoro, hewa juu ya mabua ikaanza kutetemeka.
Wa kwanza akaruka, akapiga bawa mara mbili, tatu,
kisha akaliacha wazi, akabebwa.
Halafu wengine. Halafu jaruba zima.
Hawana sauti, ndege hawa.
Tulisikia manyoya tu,
kama mtu anakung'uta shuka nyumba ya pili,
wakazunguka, wakazunguka, wakapanda bila kupiga bawa,
majani ya chai yaliyokorogwa
kwenye kikombe kilichopinduliwa juu yetu.

Tulihesabu.
Baba: mia moja tisini na nne.
Mimi: mia mbili na tatu.
Gwantwa alihesabu kwenye picha, akasema simu haikosei.
Bupe, miaka mitano, akasema: mmoja.
Mmoja vipi?
Alikuwa amemchagua wake wangali chini,
akamfuata kwa kidole
mpaka kidole kikabaki peke yake hewani.

Mama hakutaja idadi.
Alikuwa amelivaa lile sweta,
saa tano, Usangu, jua la kuchoma.

Tulibishana njia nzima, mia na tisini, mia mbili,
hadi mlima wa Inyala, Noa ikachemka,
tukashuka kuinywesha maji, na baridi ikatupokea
kama mwenye nyumba aliyekuwa akituchungulia.
Baba alisimama nyuma ya gari, ameelekea tulikotoka.
Akaniuliza chini chini, kama anayeuliza nauli:
wanarudi lini?
Novemba, nikasema. Na mvua za kwanza.
Akatoa kalamu mfukoni
akaiandika kwenye kiganja.