Hakuna Kisanduku cha "Bado"

Nilipewa kalamu mbili, fulana ya kijani,
kitambulisho chenye picha isiyofanana nami,
na maswali arobaini na moja
ya kuuliza kijiji cha Kwa Mitaro:
nyumba mia moja na kumi na mbili
zilizobanwa kati ya reli na ukuta wa kiwanda cha rangi,
Nairobi, pale ambapo ramani ya ofisi
imeacha nafasi nyeupe.

"Kijiji gani kisicho na mbuzi?" shangazi aliniuliza kwa simu.
Mbuzi yupo. Mmoja. Ni wa Halkano.
Hula makatoni, na hakuhojiwa.

Swali la kwanza. Je, una maji nyumbani?
Ndiyo. Hapana.
Kalekye akalitazama dumu la manjano,
akautazama mfereji uliokauta tangu Jumatatu.
"Bado," akasema.
Nikamwambia, mama, chagua moja.
"Nimeshachagua."

Kwa Oyaro, fundi viatu, nilikalia gurudumu.
Je, unamiliki ardhi hii?
"Bado."
Umewahi kuhamishwa, na ni mara ngapi?
Akacheka na msumari mdomoni,
akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha,
wa pili ulikuwa umeshika soli,
akaazima wangu.

Nafula hakutoa maoni bure.
"Hata choo hapa ni shilingi kumi," alisema,
akigeuza mandazi kwenye mafuta.
"Swali moja, andazi moja. Unanunua."
Tulipofika kwenye elimu ya mkuu wa kaya
nilikuwa nimeshiba,
na sikuwa na nauli ya kurudi.

Wangapi hulala katika nyumba hii?
Syombua alisema watano.
Niliona vikombe vinne vimefunikwa kifudifudi.
"Wa tano yuko rumande, Viwandani.
Kesi inatajwa Alhamisi. Mwandike."
Mwongozo wangu, ukurasa wa sita, ulikuwa wazi:
hesabu waliolala hapa usiku wa jana.
Nikaandika watano.
Nina makosa mengi katika kazi ile.
Hilo silihesabu.

Kwa kipimo cha moja hadi tano,
umeridhika kiasi gani na maisha yako?
Barasa ni mlinzi wa usiku, nilimwamsha saa saba mchana.
Alijibu akiwa bado amejifunika.
"Saa ngapi, sasa?
Nikitoka kazini viatu vikiwa vikavu, nne.
Mvua ikipiga bati
na mto ukianza kulisogeza godoro
mtoto akiwa juu yake,
weka unayotaka wewe."
Kisha akafunua uso kidogo:
"Na wewe, je? Ngapi?"
Hakukuwa na mahali pa kuandika.

Jioni msimamizi alipekua karatasi zangu,
akilamba kidole kila ukurasa.
"Bado si jibu," alisema.
"Lakini usijali. Takwimu husafishwa."
Nikawaza majibu ya Kwa Mitaro yakiloweshwa kwenye beseni,
yakisuguliwa shingoni na makwapani,
yakianikwa, yakipigwa pasi,
mpaka yasinuke mto, wala mafuta ya Nafula,
mpaka yafae kuvaliwa mkutanoni
na mtu asiyeujua ukubwa wa mwili ule.

Sikubishana. Nililipwa kwa siku.
Ila pambizoni, kwa herufi za sisimizi,
nilikuwa nimeandika lile neno
kila liliposemwa. Mara themanini na tisa.

Nilikuwa nimesahau kusema:
mchana ule, nikivuka reli kuondoka,
Kalekye alinifuata mbio.
Nilidhani ananirudishia kalamu
iliyobaki mkononi mwa mwanawe.
"Wale wa fulana nyekundu," alisema, akihema,
"waliotuuliza haya haya mwaka juzi,
wamekwisha kupata majibu?"

Nikatazama huku na huku, kama mtu anayesikiliza treni.
Kisha nikamjibu
kwa neno lake.