Kabla ya Kuhesabu

Jumapili ya mavuno, kanisa letu la bati
juu ya Kilembe, ambako ukungu huingia
kwa mlango wa nyuma na kutokea madhabahuni.
Tulimnadi jogoo mmoja mara tatu, maana kila aliyemnunua
alimrudisha kwa Bwana,
na Bwana akamrudisha kwa mnadi.
Tukanadi kahawa, maharage, mkungu wa ndizi,
na kikapu cha mayai ambacho hakuna aliyethubutu kukitikisa.

Kisha zikapungua elfu sitini.

Ithungu ndiye aliyekuwa mkuu wa wazee wa kanisa,
mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti chenye mguu mfupi.
Alihesabu tena. Akainua macho,
akamwona Mbusa, mjukuu wa Kabugho,
kijana wa miaka kumi na minne, mbeba sadaka,
mwenye suruali ya shule hata Jumapili.
Hakusema "mwizi." Aliuliza tu,
"Kikapu kilikuwa mkononi mwa nani?"
Na watu mia mbili wakageuza shingo.
Neno halina meno, husema watu.
Mimi nililiona likimng'ata.

Jumanne usiku akabisha kwangu.
(Mimi ni Baluku, mweka hazina,
hodari wa kujumlisha na wa kukwepa lawama.)
Alikuwa na kitabu chake cha nyimbo,
na kati ya kurasa, noti tatu za elfu ishirini
zimetulia kama watoto wa mchungaji wakati wa sala.
"Nilizificha mimi," alisema, "paa lilipoanza kuvuja."

Nikampa ushauri, laini kama samli:
Zirudishe kimya kimya. Tutasema hesabu ilitupotea.
Kiongozi akijivua nguo, aibu ni ya kanisa zima.
Kijana mnunulie soda.

Taa ya sola ilikuwa inafifia.
"Baluku, nilimvua mbele ya watu.
Nitamvikaje gizani?"

Jumapili alisimama. Hakupanda mimbari.
Alisimama palepale aliposimama siku ile,
akazihesabu noti kwa sauti, moja, mbili, tatu.
"Ni mimi." Hakuongeza "lakini."
Hakuilaumu mvua, wala Shetani,
ambaye kwetu hubebeshwa mengi yasiyo yake.
Wapo walioguna. Mmoja alitoka nje kutema mate.

Mbusa hakuwepo.

Hakuwepo Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine.
Ndipo Ithungu akaanza kupanda, kila Ijumaa,
jembe begani, hadi kwa Kabugho,
kule ambako shamba limeinama
mpaka mkulima hukishika kilima kwa magoti.
Wakapalilia kahawa, wanawake wawili.
Hakumwita kijana. Hakuomba kukaribishwa ndani.
Hakubeba sukari ya kununulia msamaha.
Kabugho mwenyewe aliniambia:
"Anapalilia vibaya yule, anakata mizizi.
Lakini anakuja."

Kahawa ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu
Mbusa aliporudi, akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango.
Sitasema walikumbatiana, maana sikuona.
Aliponyoshewa kikapu alikitazama
kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma.
Akakichukua.

Sasa kiti cha mguu mfupi ni changu.
Ithungu amerudi kukaa na sisi wengine,
husinzia kidogo mahubiri yakivuka saa moja.
Vijana wa semina huniuliza nilijifunza nini kwake.
Kalamu wameshazishika, wanataka pointi tano na aya zake.
Sina.

Ila kila Jumapili, kabla ya kugusa sadaka,
mbele ya Mbusa, mbele ya wote,
nakishika kitabu changu cha nyimbo kwa jalada,
nakipindua,
nakitikisa.