Kidonge Hakisomi Anuani

Fundi Mhina alikuja na mkono mfukoni
kama mtu aliyeficha ndege.
Akautoa, akauweka juu ya kioo cha kaunta yangu.
Unatetemeka.
Miaka thelathini umeshika bisibisi
nyembamba kuliko sindano ya kutungia shanga,
umefungua matumbo ya saa za nusu ya Ngamiani.
Juzi uliangusha gurudumu dogo kama chembe ya ufuta,
halijaonekana hadi leo.

"Nipe vile vya rangi ya waridi," akasema.
"Jirani alinigawia kimoja, nikatulia kama maji ya mtungini."

Ninavyo. Rafu ya tatu.
Na navipenda, kusema kweli, kwa adabu yake.
Dawa nyingine hupiga hodi kwa ngumi,
hukalia kipokezi, kile kiti kidogo kwenye ukuta wa seli,
zikaanza kutoa amri:
moyo kimbia, mate kauka, mboni panuka.
Hiki hakisemi neno.
Kinafika mapema, kinaketi, kinakunja mikono.
Adrenalini ikija na kelele zake
inakuta kiti kina mtu.
Ndiyo kazi yote. Kukaa.
Mkono unatulia
kwa sababu habari ya hofu haikufika.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye rafu
niliposikia.
Si kikohozi. Filimbi,
mwisho wa pumzi,
kama birika lililosahauliwa chumba cha pili.
"Fundi, kifua hicho tangu lini?"
"Hiki? Vumbi la mkonge, la ujanani.
Kikibana navuta kile kichupa cha buluu, kinafunguka."

Ewe Mhina,
wewe umezaliwa barabara ya saba,
unajua tulivyopangwa:
ya saba, ya nane, ya tisa,
milango ile ile, vibaraza vile vile,
mgeni akiambiwa "nyumba ya mlango wa kijani"
ataamkia watu wanne kabla hajafika.
Ndivyo mwili ulivyo.
Kiti cha moyoni kina ndugu yake kifuani,
na huyo wa kifuani ndiye mshika njia ya hewa.
Kidonge hakisomi anuani.
Kitakaa moyoni, ahsante,
kitakaa na kule, kwa adabu ile ile,
na usiku ukibanwa utavuta kichupa chako
mara mbili, mara kumi,
dawa ibishe, izunguke, irudi,
kila kiti kina mtu.

Sikumwambia hivyo. Nilisema, "Havipo."
Kisha nikaona haya, nikasema, "Vipo. Sikupi."
Nikamwandikia kikaratasi cha kwenda Bombo,
neno *pumu* nikalipigia mstari
mara mbili, mpaka kalamu ikatoboa.
Akakisoma akikishika mbali na macho,
kikatetemeka chote, na maneno yangu ndani yake.
"Binti Hoza," akasema,
"wewe unauza dawa au unauza maneno?"
Akarudisha mkono mfukoni.

Kati ya duka langu na kona ya barabara ya kumi na mbili
yako maduka mengine mawili ya dawa.
Nimemtuma kijana wa Semboja kwa baiskeli,
nimemwambia asiseme kitu, aangalie tu
fundi ameingia wapi.

Saa ya ukutani,
aliyoitengeneza yeye mwenyewe mwezi wa Rajabu,
inapiga bila kukosea.
Dakika ya nne.
Baiskeli haijarudi.