Agosti, Ukutani kwa Fundi Anyosisye

Kalenda ile iligoma mwezi wa nane,
mwaka ambao fundi mwenyewe haukumbuki.
Masista wa Kiholanzi waliiacha walipofunga zahanati,
naye akaitundika juu ya cherehani, kuziba ufa.

Nasubiri suruali. Nakodoa macho.

Mtaa wa matofali ya kuchoma, kama ya kwetu Mwanjelwa,
chini yamepakwa chokaa, nayo imeanza kubanduka.
Mama kainama, anasugua kizingiti.
Mtoto anaendesha ringi. Mbwa hana habari.
Mzee kaegemea nusu ya mlango, anangoja
jambo ambalo halitatokea leo.
Na juu yao mawingu, mawingu ya Juni ya hapa hapa,
yale yanayoshuka Loleza bila kupiga hodi.

Hakuna mfalme. Hakuna malaika.
Hakuna hata anayemtazama mchoraji.

Mimi nachora mabango. Miaka kumi na tisa
nimechora simu zinazocheka, kuku wa kukaanga,
meno meupe ya watu wasiokaa popote.
Hakuna aliyewahi kunilipa nichore ufa.
Lakini bwana huyu aliuchora ufa wa ukuta,
akauchora na udongo uliouziba,
tofali kwa tofali, kama anayehesabu deni.

Jumapili nikabeba mabaki ya rangi
na kipande cha plaiwudi,
nikakaa ng'ambo ya genge la Subilaga.
Mvua ilikuwa imekatika. Anadeki baraza,
kitenge juu ya sweta, mgongo kwangu,
magunia ya viazi yamesimama kama wageni wa msiba.
Nikachora ukungu. Nikachora waya wa umeme na kunguru mmoja.
Nikachora tope la bodaboda
analolifuta kila siku, na kila siku linarudi.

Alipovuka barabara kuja kuona, alinyamaza.
Nilidhani ataniuliza uso wake uko wapi.

"Ndoo," akasema.
"Mshikio wa ndoo yangu ulikatika Pasaka.
Niliufunga kamba ya katani. Wewe umeweka waya."

Kweli.
Nikarudi kwenye makopo, nikatafuta rangi ya katani.
Sikuwa nayo. Nikachanganya njano
na tope lililobaki kwenye soli ya kiatu.