Kitenzi cha Kumbukumbu

Miaka ile tulisikiliza kesi kwa Kiswahili
na kuziandika kwa Kiingereza.
Mimi, karani wa mahakama pale Moshi,
nilikuwa kizingiti:
hunikanyaga anayeingia, hunikanyaga anayetoka.

Bi Apaikunda Lyatuu aliletwa Jumanne,
kitenge chake kinanuka moshi,
kwa kosa la kuwachochea wauza ndizi wa Kiboriloni
wasilipe ushuru mpya.
Mwendesha mashtaka akauliza mkato:
"Ulichochea, hukuchochea?"

"Nilichochea," akajibu. "Tangu alfajiri.
Kuni za mgrevilea, tena mbichi, zinakutoa machozi
kama umefiwa.
Usipochochea, ndizi za mbege haziivi.
Usipokoroga, zinashika chini.
Sasa mlitaka nifanyeje?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.
"Amekiri. Andika."

Nikafungua kamusi,
jalada lake limeshikwa kwa plasta ya kidonda.
Sijaona watu wenye makabati mengi kama Waingereza.
Wana stoke, la jiko na la gari moshi,
mikono yake imejaa masizi.
Wana incite, limevaa tai, halijui jikoni,
makazi yake ni hati za mashtaka.
Wana whip up, linalopiga mayai
na kupiga umati, mchapo uleule.
Wana foment. Hili lilinishangaza:
zamani lilikuwa kitambaa cha maji ya moto
kinachokandwa juu ya uvimbe.
Dawa! Ikawaje dawa ikageuka fujo?
Na jirani yake ferment, la pombe,
wamepishana herufi mbili tatu tu,
hata wenyewe, nasikia, huwachanganya.

Sisi moto wetu ni mmoja.
Tunachochea kuni, tunachochea ugomvi,
tunakoleza chumvi, tunakoleza wivu,
mbege inachacha na maneno yanachacha,
ulimi haubadilishi viatu mlangoni.
Mwiko ndio huohuo wa kukorogea,
ndio huohuo wa kukatazwa.
Mji wenyewe tumeuita Moshi
na hakuna anayeuliza moto uko wapi.

Nilihesabu kwa kidole.
Stoke, herufi tano: mama anarudi kwenye chungu chake.
Incite, herufi sita: miezi sita Karanga,
na kimea cha ulezi kinaoza guniani.
Hakimu aligonga kalamu.
Taipureta yangu ilikuwa na e mbovu,
inaruka juu ya mstari kama mbuzi,
na maneno yote mawili yanaishia na e.

Niliandika la herufi tano.

Alisoma. Akavua miwani, akaisugua kwa ncha ya koti,
akasoma tena.
"Karani, una hakika hili ndilo alilosema?"
"Mheshimiwa, ndilo hasa alilosema."

Sikudanganya.
Lakini alilomaanisha, hilo sikuulizwa,
nami sikujitolea.
Alipokuwa anashuka kizimbani
alinitazama, na jicho moja
likafumba kidogo, nusu ya kope.
Labda ni moshi wa mgrevilea.
Miaka thelathini na bado nasema labda.

Nilipotoka kwenda kununua maandazi
niliwakuta wauza ndizi wamekaa kandokando ya ukuta,
mikungu miguuni.
Hawajauza. Hawajalipa.
Hakuna aliyekuwa anasema neno,
kama chungu kile, unakijua,
dakika moja kabla hakijafura.